Rambirambi Saba za Meinrad Gama

Rambirambi ya saba ya Meinrad Gama ilikuwa nzuri kuliko zote, na ndiyo iliyomkasirisha Shangazi Kreszensia.

"Ndugu zangu wapendwa," ilisema sauti ya Gama kutoka kwenye spika iliyotundikwa juu ya nguzo ya turubai, "nimepokea kwa masikitiko makubwa habari za kuondokewa na mzee wetu Kikoti. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Nawaombea faraja katika kipindi hiki kigumu."

Waombolezaji waliitikia amina kwa mazoea. Watu wa Kilolo wana adabu zao. Hata redio ikiomba dua wataiitikia. Shangazi peke yake hakuitikia. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, blanketi mabegani kwa sababu ya baridi, akimtazama Osmunda, binti wa marehemu, kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi.

"Osmunda, huyo ni nani?"

"Ni Mzee Gama, shangazi. Si sauti yake hiyo?"

"Sauti nimeisikia. Nauliza huyo ni nani."

Osmunda Kikoti aliinamisha macho kwa aibu, kwa maana mtambo ulioileta sauti hiyo aliubuni yeye.

Wahehe na Wangoni walipigana zamani mpaka wakachoka, kisha wakaona heri wataniane. Mzee Kikoti na Meinrad Gama waliufuata utani huo tangu wakiwa walimu vijana wa shule moja. Hawakuwahi kusalimiana kwa heri hata siku moja. Gama alimwita mwenzake mla mbwa, kama Wahehe wote wanavyotaniwa, mbele ya wanafunzi, mbele ya padri, mbele ya wakwe. Kikoti naye alimjibu kwamba Wangoni ni watu wa mbio: walianza kukimbia huko kusini kwa mababu zao na wangali wanakimbia. Gama alipostaafu akaamua kuwafuata wanawe Kipengere, mji wa wakulima wa viazi ulioko katika sayari ya Mirihi. Kikoti alimsindikiza mpaka uwanja wa roketi na kupaza sauti ili kila abiria amsikie: "Mnaona? Amekimbia tena."

"Ukitangulia kufa," Gama alimjibu akiwa mlangoni, "nitakutukana mpaka ufunue jeneza."

Sasa Kikoti alikuwa ametangulia. Habari ilipelekwa Kipengere siku ya mwisho kabla Jua halijaziba njia ya barua, na wasia wa marehemu ulikuwa wazi: asitukanwe na mtani mwingine yeyote ila Gama. Jambo hilo si dogo kwa watu hawa. Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumcheka maiti, na asipocheka yeye, wafiwa nao hawana ruhusa. Matanga yalikuwa yaanuliwe keshokutwa. Ndugu waliotoka mbali walikwisha kuanza kuulizia magari, na hakuna aliyekuwa amecheka.

"Rambirambi yake ya kwanza tu nilimjibu," alisema Shangazi. "Nikamwambia, wewe mkimbizi, mbona hukuja kubeba jeneza? Nilimchokoza makusudi. Akaniletea pole nyingine, na nyingine, na nyingine. Kila moja ina adabu kushinda iliyotangulia. Gama ninayemjua mimi angekuwa ameshanitukania mpaka bibi yangu. Kama naye amekufa huko, niambieni, nilie mara moja."

Osmunda aliinuka, akafunga kanga ya msiba juu ya suruali yake ya kazi, akaenda kulitafuta gari.

* * *

Kituo cha Nuru kilikuwa juu ya Dabaga, mahali ambapo ukungu huondoka asubuhi kwa kubembelezwa. Darubini kubwa ilikuwa imeelekezwa karibu kabisa na Jua, kioo chake kimevikwa utando mweusi ili kisiungue. Kila baada ya miaka miwili na kitu, Dunia na Mirihi husimama pande mbili za Jua, na leza inayobeba barua za Kipengere hulazimika kupita ukingoni mwa moto huo kabla ya kufika Dabaga. Kuitafuta leza hiyo ni kama kumtafuta mtu aliyewasha kiberiti nyuma ya shamba linaloungua.

Nyuma ya darubini, ndani ya mtungi wa baridi kali, palikuwa na kipande cha madini kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Wafanyakazi walikiita Jicho. Jicho liliihesabu nuru punje moja moja, likaijua rangi ya leza ya Kipengere na kuzikataa nyingine zote. Tatizo ni kwamba Jua lina rangi zote, hata hiyo. Kwa kila punje iliyotoka kwa Gama zilipita maelfu ya punje za Jua zilizovaa sare ileile.

Zamani familia zilikaa kimya majuma yote hayo. Ndipo Osmunda alipobuni Kijazio. Mtambo huo ulijifunza namna kila mtu anavyosema siku za njia nyeupe, Jua likiwa kando: maneno yake, vituo vyake, hata anavyovuta pumzi. Jua likimeza neno, Kijazio kiliweka neno ambalo mtu huyo yaelekea angelisema. Kipengere nao walifungiwa cha kwao. Watu walimshukuru Osmunda kwa machozi, akapewa nishani, na akina mama wawili walimpa jina lake watoto wao. Hakuna aliyeuliza ni maneno mangapi yanayomezwa, na yeye mwenyewe hakupenda sana kuuliza.

Leo aliuliza. Aliifungua rambirambi ya saba kwenye skrini, akaamuru maneno yaliyoletwa na nuru yaonekane meupe, na yaliyojazwa yawe ya buluu. Skrini ikawa buluu tupu kama sare ya shule. Neno moja tu lilikuwa jeupe: Kikoti.

Osmunda alihisi uso ukiwaka moto. Alikuwa ameketi chini ya turubai siku zote hizo akiombolezewa baba yake na mashine yake mwenyewe.

"Pole tena na msiba," alisema Dokta Alkwin Haule, mkurugenzi wa kituo, mtu mpole asiyevua sweta hata mwezi wa kumi na moja. "Ungekaa nyumbani, Osmunda."

"Dokta, nani kaziandika rambirambi hizi?"

Haule aliinama kuitazama skrini. "Kijazio. Si ulikuwa ukijua?"

"Nilijua kinajaza. Sikujua kinaandika."

Dokta alivuta kiti. Hakuwa mtu wa kuficha mambo, na hakuwa mjinga. Alikwisha kulifikiria jambo hilo kabla yake. "Tuna familia mia saba zinazosikiliza. Watu wakifiwa wanasema nini? Wanasema pole. Kijazio kiliona matusi katikati ya msiba, kikaona ni kelele, kikaweka pole. Hakikukosea kwa wengi. Kimemkosea baba yako tu."

"Na Gama."

"Na Gama. Basi kifundishe. Una rekodi za matani yao ya miaka chungu nzima. Kikizisoma, kesho kitamtukana marehemu vizuri, shangazi yako atacheka, matanga yataanuliwa, na Jua likishapisha, Mzee Gama atasema ya kwake. Nani atakuwa ameumia?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwa sababu wazo lilikuwa jema na lingefanikiwa. Osmunda aliweka mikono juu ya kibodi. Alizijua rekodi zile zilipo. Alimfikiria Shangazi akicheka, na moyo wake ulitamani kicheko hicho kuliko alivyowahi kuitamani nishani. Kisha akafikiri kwamba Shangazi atakuwa amechekeshwa na yeye Osmunda aliyejificha nyuma ya sauti ya mtu mwingine, na kwamba baba yake atakuwa ameingia kaburini bila kutukanwa na yeyote. Akaiondoa mikono.

"Kuna kitu kingine," alisema polepole. "Gama si mtu wa kutoa pole hata moja. Hizi saba za nini?"

Alizipanga zote saba kwenye skrini, moja chini ya nyingine, akayafuta maneno na kubakiza urefu wa miali tu. Ya kwanza ilikuwa fupi. Sita zilizofuata zilianza na kuishia mahali pamoja, kana kwamba zimepimwa kwa kamba moja.

"Dokta, hizi sita si barua sita. Ni barua moja. Amerekodi mara moja anairudisha, anairudisha, na kila ikifika Kijazio kinaitungia pole mpya."

Haule alivua miwani. Alielewa kabla hajamaliziwa. Jua halirudii neno. Kelele zake za leo si zile za jana. Barua ileile ikiletwa mara nyingi na nakala zake zikapangwa moja juu ya nyingine, kelele hupunguzana zenyewe kwa zenyewe, na kile kinachorudiwa hubaki kimesimama. Ila nakala hizo sita zilikwisha kutupwa. Jicho lilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea: ama punje ziende kwenye Kijazio, nacho hutupa kila kilichoona ni taka, ama ziende ghalani zikiwa ghafi. Na mwali ulikuwa mmoja kwa barua zote. Kuzihifadhi punje za Gama kulikuwa kuwanyamazisha watu wote wa Kipengere.

"Na kama amechoka?" aliuliza Haule. "Kama hiyo ya saba ndiyo ya mwisho, utakuwa umezinyang'anya familia mia saba sauti za watu wao kwa ajili ya kelele."

"Mtani hachoki, Dokta. Angekuwa wa kuchoka angekuwa rafiki."

Haule alivuta uzi wa sweta. "Sitakuzuia. Lakini hutazima kimyakimya. Utawaambia wewe, kwa kinywa chako, na utawaambia yote."

* * *

Aliwaambia. Tangazo lilikwenda kwenye simu za familia zote, nalo halikuwa refu. Alisema barua walizozisikia tangu Jua lizibe njia zilikuwa na maneno machache sana ya watu wao, nyingine hazikuwa nayo kabisa. Alisema aliyebuni mtambo huo ni yeye, na kwamba anauzima.

Majibu ya kwanza yalikuwa ya matusi, lakini si yale aliyoyangoja. Kisha mlango ulifunguliwa akaingia Mama Gaudensia, mpishi wa kantini ya kituo, mwiko ungali mkononi. Mwanawe wa pekee, Longinus, alikuwa fundi wa mabomba huko Kipengere.

"Jana kaniambia hajambo," alisema. "Kaniambia kala kashiba."

"Labda alisema hivyo, mama. Labda hakusema. Sijui."

"Na juzi?"

"Na juzi sijui."

Mama Gaudensia alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. "Basi usizime. Heri mwanangu anidanganye kuliko aninyamazie."

"Anayekudanganya si yeye, mama. Ni mimi."

Mwiko ulidondosha tone la mchuzi sakafuni, na wote wawili walilitazama. Osmunda alitamani mama huyo amtukane, amalize. Badala yake mama alifuta machozi kwa kiganja, akasimama.

"Kwa hiyo wakati wote huu nilikuwa nikimwambia habari zangu zote," alisema, "na huko alikuwa akimsikia nani? Zima. Lakini nikimkosa mwanangu, chai yako utajipikia mwenyewe."

Osmunda alizima Kijazio. Spika za kituo zikaanza kutoa mvumo wa Jua, kama mafuta yanayokaanga, bila neno hata moja.

* * *

Siku nzima ilipita hivyo. Punje zilimiminika ghalani, na Osmunda aliutazama mstari wa skrini ukitetemeka bila umbo. Nakala ya kwanza ilikuwa kelele. Aliposhindilia ya pili juu yake, zilikuwa kelele mbili. Wazee wa kata walipiga simu kuuliza kama serikali inajua anachokifanya. Haule aliwajibu yeye mwenyewe, mmoja mmoja, kwa upole uleule, kwamba serikali inaweza kungoja kama wafiwa wanavyongoja.

Asubuhi ya kuanua matanga Shangazi alipiga.

"Magari yamefika. Tuanue tusianue?"

"Ningojeeni mpaka alasiri, shangazi."

"Ulikuwa hivihivi utotoni. Hujui kuacha." Akakata simu, na Osmunda alijua amekubaliwa.

Nakala zilizidi kuja. Gama hakuwa amechoka hata kidogo. Kila moja ilipowekwa juu ya zilizotangulia, mstari wa skrini ulitulia kidogo, mpaka saa sita mchana pakainuka kitu. Osmunda aliongeza sauti. Kilikuwa kikohozi, kile kikohozi kikavu cha Gama, cha mtu aliyevuta tumbaku ya kusokota tangu ujana. Kijazio kilikuwa kikikisafisha miaka yote kwa sababu kilikiona ni uchafu, na Osmunda alikuwa amesahau kabisa kwamba mzee hukohoa.

Aliangua kilio pale pale, mbele ya mkurugenzi, bila kuona haya. Maneno yalianza kufuata kikohozi. Hakuyasikiliza. Alikizima kipaza sauti, akainakili barua ilivyokuwa, akateremka mlima.

* * *

Chini ya turubai watu walikuwa wamekwisha kufunga mizigo. Osmunda aliichomeka barua kwenye spika. Mvumo wa Jua ulisikika kwanza, kisha kikohozi, na Shangazi Kreszensia akainua kichwa.

"Kikoti!" ilisema sauti, nyembamba na yenye mikwaruzo, lakini ya mtu. "Nimesikia umekufa. Huku tumefurahi sana. Mbwa wote wa Songea jana wamelala milango wazi. Ulinitangaza mkimbizi mbele ya abiria wa roketi. Haya, leo nani kakimbia? Nimekupa kisogo kidogo tu, umeondoka bila kuaga. Mwoga wewe. Ningekuwa hapo ningelala ndani ya kaburi lako, wasikuzike, mpaka uinuke uniage kama watu." Sauti ilikwama, ikakohoa tena. "Na mwambieni Osmunda mashine yake ina adabu kupita ukoo wake wote. Kreszensia hajawahi kunishukuru tangu azaliwe. Juzi namsikia ananishukuru kwa moyo wake wote, eti kwa maneno yangu ya faraja. Hapo nikajua tunasemewa, na mashine ya huku tumeizima. Kwa hiyo nairudia hii, na watu wote wa huku nimewaambia wachague maneno machache wayarudie. Tutarudia mpaka Jua lichoke."

Hakuna aliyeitikia amina. Aliyeanza kucheka ni mzee mmoja wa nyuma, kwa sababu ya mbwa, halafu wakacheka vijana, halafu Shangazi akacheka mpaka blanketi likamwanguka na wanawake wawili wakamshika asipinduke. Alicheka akilia, akilia akicheka, akampigia vigelegele mtu aliyekuwa upande wa pili wa Jua.

"Sasa ndugu yangu amekufa," alisema alipopata pumzi. "Anueni matanga."

Walipokuwa wakilishusha turubai, pikipiki iliingia uani kwa fujo, imembeba Mama Gaudensia akiwa na aproni yake ya kantini. Haule alikuwa amezipanga nakala nyingine zilizokuwamo ghalani, za wale wote waliomsikiliza Gama, na ya Longinus ilikuwa miongoni mwa za kwanza kusimama. Mama aliishika simu juu ya kichwa ili kila mtu asikie, wamjue wasimjue mwanawe. Kijana alisema, "Mama, jino linaniuma tangu wiki jana, na viazi vya huku havina ladha."

"Jino linamuuma," alisema Mama Gaudensia, akimgeukia kila mtu kwa zamu, uso ukimeremeta kama wa mama wa bwana harusi. "Mnasikia? Jino linamuuma mwanangu."

Watu wakampongeza, na ilistahili. Mashine haijawahi kuumwa jino.

* * *

Kesho yake Osmunda alirudi Dabaga bila kanga ya msiba. Kikombe cha chai kilikuwa mezani kwake, kimefunikwa kisahani. Familia zilikwisha kuanza kupanga foleni nje ya lango, kila mtu akihesabu maneno kwa vidole, akiyapunguza, akibishana na jirani yake lipi la kubaki. Wengi wao walikuwa wamekasirika naye bado, lakini walikuwa wamekuja.

Alijifungia kwenye chumba cha kurekodia. Utani hurithiwa kama pua, na yeye alikuwa binti wa Kikoti. Alikohoa kidogo, kisha akasema polepole:

"Mzee Gama. Baba hakukimbia. Ametangulia kukaa mwisho wa njia, maana anawajua Wangoni: mkimbie mtakavyokimbia, mtaishia alipo yeye. Anasema usiharakishe. Mbwa bado hajaiva."

Alipotoka, Dokta Haule alikuwa mbele ya mitambo ya kurushia, mkono kwenye swichi, akijitahidi kuuzuia mdomo wake.

"Niirudie mara ngapi?" aliuliza.

Osmunda alilitazama Jua kupitia kioo cheusi cha dirisha, duara dogo lililotulia mahali pake.

"Mpaka lichoke," alisema, akaketi kunywa chai yake.